Maoni: Mboloko mchanga aachwe apite, lakini waya uondoke kwanza

Kwenye barabara ya taifa nambari 4, kati ya Mambasa na Nia-Nia, nyama ya pori hupita mbele ya macho ya watu wote. Inabebwa kwa baiskeli na kwa pikipiki, imekaushwa kwa moshi, imefungwa ndani ya majani ao ndani ya mifuko, ikielekea Bunia, Beni, Butembo ao Kisangani. Mwenye kununua kipande haulizi mnyama alikuwa na umri gani. Mwenye kuuza naye hasemi. Na mara nyingi hata yule aliyemtega hakujua, kwa sababu hakuwa hapo mnyama alipokufa.

Nyama inayopita zaidi ni ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni mwenye rangi ya kijivu, ambaye akikomaa ana kilo nne hadi sita tu. Kwa familia nyingi za Ituri, Tshopo na Kivu ya Kaskazini, mboloko ndiye nyama ya kawaida ya pori. Wazee wanasema zamani alipatikana karibu na kijiji. Leo mwindaji analala njia siku moja ao mbili kabla ya kumwona. Ndiyo maana swali moja, ambalo watu wengi wataliona kuwa la matajiri, linawahusu pia wakaaji wa wilaya ya Mambasa: mnyama mchanga akitokea mbele ya mwindaji, auawe ao aachwe apite?

Jibu ni kwamba aachwe apite. Lakini jibu hilo halina maana yoyote msituni Ituri ikiwa mwindaji anatumia chombo kisichompa nafasi ya kuchagua. Na halitakuwa la haki ikiwa mzigo wote unawekwa kwenye mgongo wa mwindaji, huku mnunuzi na Serikali wakitazama tu.

Kanuni iliyotoka Marekani

Swali hili linajadiliwa sana huko Marekani. Paa anayewindwa zaidi kule ni yule mwenye mkia mweupe. Dume wake huota pembe zenye matawi kila mwaka na kuziangusha wakati wa baridi. Akiwa na mwaka mmoja na nusu, pembe zake ni ndogo. Anafikia ukubwa wake kamili akiwa na miaka mitano ao sita. Tangu miaka ya 1970, kwanza huko Texas, wawindaji na wataalamu walianza kueneza wazo la kuwaacha madume wachanga wapite ili wakue. Mwaka wa 2002 jimbo la Pennsylvania liliweka wazo hilo ndani ya kanuni: sehemu nyingi za jimbo, dume alipaswa kuwa na ncha tatu upande mmoja wa pembe ndipo auawe, na sehemu za magharibi ncha nne. Mwindaji anatazama, anahesabu, kisha anaamua.

Kanuni hiyo ilizua ugomvi. Wenye kutafuta pembe kubwa za kutundika ukutani waliifurahia. Wenye kutafuta nyama ya familia waliuliza kwa nini wanyimwe dume mchanga aliyesimama mbele yao, wakati huenda hawataona mwingine mpaka msimu ufungwe.

Lakini kuna nusu ya kanuni hiyo ambayo watu husahau wanapoisifu. Wale wale waliosema madume wachanga waachwe, walisema pia majike wapunguzwe. Kule paa wamezidi. Wanakula mimea ya wakulima, wanazuia miche ya miti isiote, wanagongwa na magari barabarani. Jike akishiba vizuri huzaa mapacha mara nyingi, na dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kuua madume wachanga hakupunguzi sana idadi ya watoto wanaozaliwa mwaka unaofuata. Kanuni ya Marekani inatafuta madume wenye umri mkubwa na pembe nzuri. Haikuwekwa ili kuokoa mnyama anayekwisha.

Huko shida ni wingi. Ituri shida ni upungufu. Mtu akichukua kanuni hiyo nzima na kuileta Mambasa, akawaambia wawindaji waache madume na kupunguza majike, msitu utakuwa mtupu kabla watoto wao hawajakuwa wakubwa.

Mboloko ana maisha yake

Mboloko haishi kama paa wa Marekani. Wanakaa wawili wawili, dume na jike, katika kipande chao cha msitu chenye hekta chache tu, na wanakilinda. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, si wawili. Tena pembe hazisaidii kitu: ni fupi, zimefichwa ndani ya nywele za kichwani, na hata majike huwa nazo. Jike mara nyingi anampita dume kidogo kwa ukubwa. Mtu akiwa mita ishirini ndani ya kichaka hawezi kuhesabu ncha yoyote.

Kutokana na maisha hayo, sababu ya kumwacha dume mchanga inakuwa nyingine kabisa. Dume mzima akiuawa, jike anabaki peke yake mpaka dume mwingine aje. Anayekuja ni nani? Ni yule mchanga aliyeondoka kwa wazazi wake na anatafuta mahali pa kukaa. Yeye ndiye mrithi. Mwindaji akichukua dume mkubwa leo na mrithi kesho, kipande hicho cha msitu kinabaki na jike asiyezaa, kisha kinabaki bila kitu. Ndiyo maana wawindaji wanaona njia ambazo zamani zilikuwa na nyayo kila asubuhi, na leo hazina hata moja.

Lakini ukweli wote usemwe. Kama kuna mnyama mmoja wa kuachwa kabla ya wengine wote, si dume mchanga, ni mama. Jike aliyekomaa mara nyingi ana mimba ao ananyonyesha, na wakati mwingine yote mawili kwa pamoja. Anayemuua ameua wawili, na wa pili haingii hata ndani ya sufuria. Kwa hiyo mpango wa mwindaji mwenye akili unapaswa kuwa huu: mama aachwe kwanza, mchanga aachwe wa pili, dume mkubwa ndiye achukuliwe.

Wapo watakaosema kwamba mchanga aliyeachwa ataliwa na chui, chatu ao tai. Ni kweli, wengi huliwa. Kumwacha mchanga si hakikisho kwamba atakua. Lakini wale wachache wanaopona ndio wanaojaza msitu, na hakuna anayejua mbele ni yupi atakayepona. Mkulima naye anajua kwamba si kila mbegu itaota, lakini hali mbegu zake zote kwa sababu hiyo.

Hata kwa hesabu ya tumbo, mchanga ni hasara. Mboloko wa kilo mbili, ukiondoa matumbo, ngozi na kwato, haulishi nyumba ya watu saba hata siku moja. Akiachwa, ndani ya mwaka mmoja hivi nyama yake itakuwa mara mbili na zaidi, na huenda atakuwa tayari na mwenzake.

Waya hauchagui

Sasa hapa ndipo mashauri mazuri yanapovunjika. Chombo kinachoua zaidi msituni leo ni mtego wa waya. Wenye kutega wanatumia waya wa freni ya baiskeli ao ya pikipiki, kwa sababu ni rahisi kupatikana na haukatiki. Mtu mmoja anaweza kutega makumi ya mitego kwa siku chache, kisha anarudi kijijini. Pengine atakuja kuitazama baada ya siku tatu. Mvua ikinyesha sana, ao barabara ikiwa na hatari ya watu wenye silaha, atakuja baada ya juma zima ao hatakuja tena.

Waya haujui mchanga wala mkubwa, jike wala dume, mwenye kulindwa na sheria wala asiyelindwa. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 katika misitu ya jirani, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulionyesha kwamba karibu robo ya wanyama walionaswa kwa waya walioza ao waliliwa na wanyama wengine kabla mwenye mtego hajafika. Hiyo ni nyama ambayo haikumlisha mtu yeyote. Na wanaokata waya na kukimbia wanabaki na kidonda mguuni, wanakufa mbali.

Okapi naye hukanyaga humo humo. Analindwa na sheria tangu 1933, na kwa ajili yake nchi ilianzisha Hifadhi ya Okapi mwaka wa 1992, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka wa 1996, kisha katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka wa 1997. Walinzi wa ICCN wanazunguka wakiondoa mitego ya waya, na wengine wamepoteza maisha katika kazi hiyo ya kulinda msitu. Mtego mmoja wanaoukosa unatosha kumkata mguu mnyama ambaye mimba yake inachukua zaidi ya mwaka mzima.

Bunduki ya usiku nayo haina tofauti kubwa. Mwindaji anavaa taa kichwani, anaona macho mawili yanayong'aa, anapiga. Amepiga mwanga. Kama ni mama ao mtoto, atajua akiisha kumwinua.

Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha wachanga wapite" ni kumhubiria waya. Anaweza kukubali kwa moyo wote, lakini mkono wake hauna nafasi ya kutii.

Wavu wa Wambuti

Kuna chombo kimoja ambacho kinampa mwindaji nafasi hiyo, nacho kiko Ituri tangu zamani. Ni wavu. Wambuti wanausokota kwa nyuzi za mmea unaopanda, wanaouita nkusa. Familia nyingi zinaunganisha nyavu zao katika nusu duara ndani ya msitu. Wanawake na watoto wanapiga kelele na kupiga vichaka, wanyama wanakimbilia wavu, wanaume wanasubiri.

Mboloko akiingia ndani ya wavu anakuwa bado mzima. Mtu anafika, anamshika, anamwona. Anaona kama maziwa yamejaa, kama tumbo ni kubwa, kama ni mtoto wa juzi. Katika misitu yote ya Kongo kuna wakati mchache sana ambapo mwindaji anashika uhai wa mnyama mkononi na anaweza bado kumfungulia. Wavu ni mojawapo.

Kuna pia wanaoita mboloko kwa sauti ya pua mchana. Mnyama anakuja karibu kabisa, naye mwindaji anamtazama kabla ya kufanya lolote. Huyo pia anaweza kuchagua.

Hii haina maana kwamba kila kinachofanywa na Wambuti ni chema. Mtaalamu John Hart, aliyeishi miaka mingi Ituri, aliandika mwaka wa 1978 namna wafanyabiashara wa nyama walivyoingia hadi ndani ya kambi za wawindaji, wakileta chakula cha mashamba na vitu vingine ili wapewe nyama. Uwindaji uliokuwa wa kulisha kambi ukawa wa kulisha soko. Wavu ukifanya kazi kila siku kwa ajili ya mfanyabiashara, nao unaweza kumaliza msitu. Lakini wavu unaweza kupewa kanuni na kanuni ikafuatwa. Waya hauwezi.

Kwa hiyo ni kosa kubwa kumweka Mmbuti mwenye wavu na mfanyabiashara mwenye mitego mia moja ya waya katika gunia moja, na kuwaita wote wawili majangili. Mara nyingi wa kwanza ndiye anayekamatwa kwa urahisi, kwa sababu hana pikipiki ya kukimbilia wala mtu mkubwa wa kumpigia simu.

"Nikimwacha, jirani atamchukua"

Jibu ambalo wawindaji wengi wanalitoa ni hili: "Nikimwacha mimi, jirani atamchukua kesho." Wala si ubishi wa bure. Msitu ambao kila mtu anaingia, hakuna anayeutunza. Mtu anayemwacha mboloko apite ili akute mgeni amemtega mita mia mbili mbele hatafanya hivyo mara ya pili.

Ndiyo maana kumwacha mchanga hakuwezi kuwa jambo la moyo wa mtu mmoja peke yake. Linahitaji msitu wenye wenyewe. Na sheria ya Kongo ina mlango huo. Amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake kwa kufuata desturi, hadi hekta 50.000, bila mwisho wa muda. Sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti na wenzao, pamoja na haki yao juu ya ardhi na mali ya asili wanayoitegemea. Jamii yenye msitu wake inaweza kukaa pamoja na kusema: hapa waya hautegwi, hapa mama na mchanga wanafunguliwa, hapa mgeni haingii bila ruhusa. Mzee wa kijiji anaweza kumwita mwenye kuvunja kanuni, na adhabu ikaeleweka na wote.

Nje ya hapo, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali na inaweka majira ya kufunga uwindaji. Lakini karatasi iliyo Kinshasa ao Bunia haijawahi kumfungulia mboloko wavu. Mwindaji mwingi hajaiona, na wengi waliowahi kuisikia waliisikia kwenye kizuizi, ikitajwa na mtu aliyetaka pesa.

Anayenunua naye alipe

Hata jamii ikijipanga, njaa ya soko inaweza kuvunja kila mapatano. Machimbo ya dhahabu yamejaa watu wanaohitaji kula kila siku, na nyama ya pori inafika huko haraka kuliko kitoweo kingine. Vita na mauaji yaliyofukuza watu mashambani vimeongeza jambo lingine: mtu asiyeweza kufika kwenye shamba lake anaingia msituni na waya, kwa sababu mtoto hatangoja amani irudi.

Mtu huyo hapaswi kuambiwa habari za mboloko mchanga kabla ya kuulizwa watoto wake watakula nini. Lakini kuna majibu. Simbiliki anazaa watoto wengi kwa mara moja, anakaa karibu na mashamba, na anaharibu mihogo na mahindi. Kumwinda huyo ni faida mara mbili. Kuku, mbuzi na mabwawa ya samaki yanawezekana mahali ambapo kuna usalama kidogo. Na wakubwa wa machimbo, ambao wanapata pesa kutoka ardhi ya Ituri, wanaweza kabisa kuagiza samaki na maharagi kwa ajili ya wafanyakazi wao badala ya kuuachia msitu kazi ya kuwalisha bure.

Mnunuzi wa mjini naye si mtu asiye na hatia. Nyama iliyokatwa vipande na kukaushwa inaficha umri, lakini kichwa na kwato havifichi. Mama mwenye kuuza nyama anajua mguu wa mtoto na mguu wa mkubwa. Siku wateja wa Beni na Butembo watakapokataa mguu wa mtoto, mfanyabiashara hataubeba tena, na akiacha kuubeba, mwindaji hatakuwa na sababu ya kuuleta. Mara nyingi jambo hilo lingefanya kazi haraka kuliko doria.

Serikali ya jimbo ina kazi zake tatu zilizo wazi: kuharakisha karatasi za misitu ya jamii, kuupiga vita waya na wafanyabiashara wake badala ya kukimbizana na wenye nyavu, na kurudisha usalama ili mkulima alime. Bila hayo, somo lolote juu ya kuwahurumia wanyama wachanga litasikika kama maneno ya watu walioshiba.

Mboloko mchanga anaponaswa ndani ya wavu, mtu aliyemshika ana dakika chache za kuamua. Akimfungulia, anapoteza kitoweo cha jioni moja. Atakubali hasara hiyo ikiwa anajua kwamba msitu ule ni wake, kwamba hakuna waya unaomngoja mnyama huyo nyuma ya mti, na kwamba mwaka ujao ni yeye ao mtoto wake atakayemkuta akiwa mkubwa. Leo mwindaji wa Ituri hana uhakika na hata moja kati ya hayo matatu. Kazi ya kumpa uhakika huo si yake peke yake.